Pande Tatu za Nyumba ya Guildford

Mhandisi wetu Wanjiku aliniomba ukurasa mmoja. Alisema kila fundi anayestaafu hapa karakana ya Lidcombe aache maandishi kidogo, vijana wayasome wakati wa chai, na nisijisumbue kueleza nilipandishwa cheo lini maana hakuna anayejali. Hapo hatukubishana. Ila nimepitisha ukurasa mmoja, na chai yenu itapoa, mniwie radhi. Nimetengeneza nyumba za kale za mbao kwa miaka ishirini na sita. Nimepanda mapaa ya makanisa, maghala na mabanda ya kunyolea kondoo. Nyumba ninayotaka kuwaeleza ni moja tu, nayo imebomolewa mwaka huu. Kwenye ripoti ya kubomolewa kwake limeandikwa jina la mtu aliyenifundisha kazi, kwamba yeye ndiye aliyeiua. Jina hilo limechafuka kwa sababu yangu, na mwenyewe yuko kaburini hawezi kujitetea.

Mimi ni mtu wa Muheza, mkoa wa Tanga. Nilifika Sydney nikiwa seremala kamili, au ndivyo nilivyojiona. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutengeneza paleti kwenye kiwanda kimoja cha Villawood, na hata nyundo sikushika, misumari ilipigwa na mashine. Mwaka mzima sikugusa randa. Siku niliposikia kuna mzee Mwingereza hapa Lidcombe anatafuta mtu wa kumsaidia kutengeneza nyumba za zamani, nilichukua tezo niliyotoka nayo nyumbani, nikaifunga kwenye taulo, nikapanda treni. Leo ukipanda treni na tezo kwenye taulo nadhani utashushwa na askari.

Mzee huyo aliitwa Alf. Alikuwa mrefu, mwembamba, na sikio lake la kulia lilikuwa limeshakufa kwa kelele za misumeno. Alikulia katika mji mdogo wa Uingereza ambao nyumba zake za mbao zimekaa miaka mingi hata wenyeji wenyewe wamechoka kuhesabu. Alilifungua lile taulo, akapitisha kidole kwenye makali ya tezo, akaniuliza jina. Nikamwambia Athumani. Akajaribu mara mbili, ulimi ukamshinda. "Manny," akasema. "Kesho saa moja." Basi nikawa Manny mpaka anakufa, na mke wangu Zainabu akitaka kunichokoza bado huniita hivyo.

Wiki ya kwanza hakunipeleka kwa mteja yeyote. Alinipa kipande cha gogo la mti mgumu wa huku, ule ambao ukiupiga msumari, msumari ndio unaopinda, akaniambia nichonge nyundo yangu mwenyewe ya mti. Nilichonga tatu. Mbili akazitupa kwenye kuni. Ya tatu akaigongesha mezani, akainusa, sijui kwa nini, akasema inafaa, sasa nichore alama yangu kwenye mpini. Kwao kila fundi alikuwa na alama yake, mistari michache ya patasi. Ukimaliza kutengeneza kiungo unaichora mahali ambapo mpita njia hataiona, lakini fundi atakayekuja kukifungua kiungo hicho baada yako ataiona. Mimi nilichagua mistari miwili ya wima na mmoja wa mshazari unaoikata. "Ukiona haya kuweka alama," Alf aliniambia, "rudia kazi." Hayo ndiyo masomo yote aliyonipa kuhusu uaminifu, na yalitosha.

Mwezi wa pili akanipeleka Guildford, mtaa mwingine wa hapa Sydney. Vijana wengi hamkuwahi kuingia nyumba ile, basi niwaeleze ilivyokaa. Mjenzi wake alikuwa mhamiaji kutoka mji wa aina ya kwao Alf, na alijijengea nyumba kama ile aliyozaliwa ndani yake, bila kujali kwamba jua la hapa si la kule. Chini kulikuwa na boriti nne nene zimelazwa juu ya mawe, moja kila upande. Hizo ndizo zilizobeba kila kitu. Juu yake zilisimama nguzo, na kila nguzo ilichongwa ulimi chini, unaoingia kwenye tundu la boriti, na ulimi mwingine juu, unaoingia kwenye mtambaapanya, boriti iliyolala juu ya nguzo. Pembeni kulikuwa na miti ya mshazari iliyozikamata nguzo ili nyumba isilale upande. Msumari wa chuma hukuuona. Kila kiungo kilipigiliwa msumari wa mti, na matundu yake yalitobolewa yakapishana kidogo kwa makusudi, ili msumari ukiingia uvute kiungo kibane. Ghorofa ya juu ilichomoza mbele ya ile ya chini kadiri ya urefu wa mkono, na siku za mvua watu walijibanza hapo wakisubiri basi.

Na kati ya nguzo na nguzo? Fito zilizosukwa, zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na mavi ya ng'ombe, kisha chokaa juu.

Nilicheka mpaka Alf akanuna. Nikamwambia, "Alf, hii ni nyumba ya mama yangu." Akadhani namdharau. Nikamweleza kwamba kwetu hii inaitwa nyumba ya kukandika, mama anayo Muheza, na watu wanamwonea huruma kwa sababu yake, wakati huku mmeiwekea kibao mlangoni na wageni wanakuja kuipiga picha. Akasema, "Basi nitakufundisha mbao tu. Udongo unaujua." Siku hiyo nilivua viatu nikakanyaga udongo nyuma ya nyumba, nikamwonyesha jinsi ya kuutupa ukutani ukakaa. Mama zetu wangenicheka, kwa sababu kukanyaga na kukandika ilikuwa kazi yao, mimi niliijua kwa kuchungulia tu.

Alf naye akanifundisha kusikiliza mti. Unagonga kwa nyundo ya mti, taratibu, kutoka juu kuja chini. Mti mzima unakujibu. Mti uliooza unanyamaza, au unatoa sauti ya boksi tupu. Akanifundisha pia jambo moja ambalo alilirudia mara nyingi kuliko mengine yote: nyumba kama hii usiisogezee saruji. Mti unalowa na kukauka, unalowa na kukauka, na chokaa inauruhusu ukauke. Saruji inayafungia maji ndani, na mti unaoza huku nje panaonekana pazuri. Nilimwitikia, "Nimekuelewa, Alf." Na kwa kichwa nilikuwa nimemwelewa.

Mwaka wangu wa nne tulirudi Guildford kutengeneza sehemu ya chini ya nyumba, pale nguzo zinapokutana na boriti. Alf alianza upande wa kaskazini kwa mkono wake, akatengeneza miti kisha akaziba kwa chokaa, tabaka jembamba, anasubiri likauke, tabaka jingine. Alipomaliza upande huo akateleza kwenye ngazi akavunjika nyonga. Akiwa hospitali akaniambia niendelee na pande tatu zilizobaki, ananiamini. Mvua zilikuwa zimeanza, na halmashauri ilikuwa imeshatangaza siku ya kuifungua nyumba kwa watu. Chokaa wakati wa mvua haikauki, unakaa unaitazama tu.

Lakini nisiwadanganye, haraka haikuwa sababu kubwa. Sababu kubwa ni nyingine, na nyie mliotoka nyumbani mtaielewa. Kwetu Muheza, mtu akipata mtoto wa kumtegemea, jambo la kwanza mtoto huyo anafanya ni kuipiga lipu ya saruji nyumba ya udongo ya mama yake. Nyumba ikishapigwa lipu, mtaa mzima unajua kwamba mama fulani naye ana mtu. Mimi nilifanya hivyo likizo yangu ya kwanza. Mama alikaa barazani siku tatu akipokea pongezi, amevaa khanga mpya, na kila aliyepita alipapasa ukuta kwa kiganja. Sijawahi kumwona mama na furaha ile, si kabla wala baada. Sasa mtu kama mimi umwambie kwamba udongo na chokaa ni bora kuliko saruji? Kichwani nilimwelewa Alf, mikononi sikumwelewa hata kidogo.

Basi nikachanganya saruji. Nilizizungushia nguzo zote za pande tatu, nikazifunika boriti nikazilainisha mpaka zikang'aa. Kabla ya kufunika, nilipiga magoti kwenye nguzo ya pembe ya mbele nikachora alama yangu kwa patasi, vizuri, kwa kina. Nilikuwa najivunia. Niliona nimeiheshimu ile nyumba jinsi nilivyomheshimu mama. Halafu nikaipaka saruji chokaa mara tatu, ifanane na upande wa Alf. Mtaniuliza, kama nilikuwa najivunia hivyo, kwa nini nikaificha? Wallahi, jibu ni lile lile mnalolifikiria.

Alf alitoka hospitali akaja na magongo mawili. Alisimama barabarani akaitazama nyumba kwa muda. Asingeweza kuinama, nyonga ilikuwa bado. Akaniuliza, "Chini umetia nini?"

"Chokaa," nikasema.

"Pande zote tatu?"

"Zote."

Akatikisa kichwa kukubali, akaegemea gari, akasaini karatasi za halmashauri juu ya boneti. Kazi yote ikaandikwa kwa jina lake, yeye ndiye aliyekuwa na leseni.

Mwaka mmoja na nusu baadaye kaka yangu alinipigia simu kutoka Muheza. Lipu ya kwa mama ilikuwa imedondoka, na imedondoka pamoja na ukuta. Udongo nyuma yake ulikuwa umelowa kama uji. Mama hakuumia, alhamdulillahi, alikuwa jikoni uani. Nilikata simu nikakaa kitandani, na sikuwa nawaza nyumba ya mama. Nilikuwa nawaza Guildford. Siku ile ndiyo niliyotakiwa kuchukua tindo na nyundo, niende nikang'oe saruji yangu, nimwambie Alf. Ingekuwa aibu ya wiki moja. Lakini Alf wakati huo alikuwa ameshaanza kuumwa kifua, na nikajiambia nisimpe mzigo mgonjwa. Kila wiki nilikuwa na huruma mpya kwake, mpaka tukamzika, hapa hapa Lidcombe. Jeneza lake nililitengeneza mimi.

Baada ya hapo ikawa kazi yoyote ya upande wa Guildford nampa mwenzangu. Leo mgongo unauma, kesho gari bovu. Nikakomesha pia ile desturi ya alama. Nilisema picha za simu zinatosha, mambo ya patasi yamepitwa na wakati. Wakubwa wa karakana wakafurahi, wakasema Manny anakwenda na usasa.

Wanjiku alikuja miaka minane iliyopita. Mnamjua nyote, lakini hamkumjua siku yake ya kwanza. Ni Mkikuyu wa Nyeri, mhandisi, na alipokuwa akisoma alijikimu kwa kuhudumia wazee kwenye makao yao. Aliniambia wazee na nyumba za kale ni kazi moja, unawagusa polepole na unasikiliza wanachokataa kusema. Nilimpenda kwa neno hilo. Watoto wangu mimi ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza, huyu akanijibu kwa Kiswahili cha kwao, tukaelewana. Nikampa nyundo yangu ya mti, ile ya tatu, aliyoinusa Alf.

"Mzee, hii si ndio yako?" akauliza.

"Mimi sigongi tena," nikamwambia. "Siku hizi naamuru tu."

Akacheka akaitia mfukoni. Tangu siku hiyo hajawahi kukagua nyumba bila ile nyundo.

Mwanzoni mwa mwaka huu halmashauri ilipiga simu. Ghorofa ya juu ya nyumba ya Guildford ilikuwa imeshuka mbele, mlango haufungi. Wanjiku akanifuata kwenye benchi langu. "Mzee, twende wote. Wewe ndio unaijua." Nilitafuta mgongo, nikatafuta gari. Nilikuwa nimebakiza miezi mitatu nistaafu, visingizio vimekwisha.

Alianza upande wa kaskazini. Akagonga kutoka juu kuja chini, na mti ukajibu mpaka kwenye jiwe. "Huu upande uko fiti kabisa," akasema, na hatukuufungua, hapakuwa na sababu. Tukakunja pembe. Akagonga, kimya. Akagonga tena chini zaidi, kimya. Akabandua chokaa kwa kucha, akaona rangi ya kijivu, akanitazama. Tulivunja saruji asubuhi nzima. Ndani yake boriti haikuwepo. Palikuwa na kitu cheusi kilicholowa, kama masalia ya kahawa chini ya birika, unakichota kwa kiganja. Pande zote tatu. Nguzo zilikuwa zinaning'inia kwenye saruji yangu, na saruji ilipovunjika nyumba ikatoa mlio mmoja mrefu, tukaruka nyuma.

Kwenye nguzo ya pembe ya mbele ulikuwa umebaki moyo wa mti, mgumu, umesimama peke yake. Wanjiku alichuchumaa, nyundo mkononi, akapangusa tope kwa kidole gumba. Mistari miwili ya wima, na mmoja wa mshazari.

"Mzee, hii alama ni ya nani?"

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilikuwa na umri wa miaka sitini na sita, na nimeona mengi ya kuogopesha, na sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa alama ile. Nikasema, "Ya Alf."

"Alf ndiye alifanya hizi pande tatu?"

"Ndiye."

"Na ile ya chokaa, hapo kaskazini?"

"Hiyo pia. Alikuwa anaumwa wakati ule. Labda alichoka."

Hakugeuka. Alikaa hivyo hivyo amechuchumaa kwa muda, mimi nikidhani anafikiria hesabu za jeki. Kisha akasema, "Sawa, Mzee. Nitaandika vile umeniambia."

Nyumba ya namna ile ukitaka kuinusuru lazima uinue, na ukitaka kuinua lazima upate mti mzima wa kuukamata. Kwenye pande tatu haukuwepo. Wahandisi watatu walikuja wakasema vilevile. Halmashauri ikaitisha mkutano kwenye ukumbi wa maktaba kuwaeleza wakazi kwa nini inabomolewa, na pale mbele ofisa mmoja akasoma ripoti: matengenezo yenye kasoro, saruji, fundi fulani, jina na ukoo wake. Akaongeza yake kwamba wazee wa zamani mara nyingine walikuwa wakifikia mwisho wanalipua kazi, ilimradi iishe.

Mwanamke mmoja akasimama katikati ya ukumbi. Nilimjua kabla hajasema, urefu ule ni wa Alf. Ni binti yake, Jean, muuguzi aliyestaafu. Alisema, "Baba alitukataza hata kutia saruji kwenye nguzo za uzio wa nyumbani kwetu. Uzio tu. Alikuwa anaichukia." Ofisa akamjibu kwa upole kwamba anaelewa uchungu wake, lakini saini ipo. Jean akatazama huku na huku, akaniona. Akanitazama kama mtu anayetazama ndugu, akisubiri. Mimi nilikuwa namjua baba yake kuliko mtu yeyote ukumbini pale. Niliinamisha kichwa nikatazama viatu vyangu. Akakaa chini.

Usiku huo nilimweleza Zainabu. Ni mara ya kwanza kumweleza mtu. Alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja mpaka nikamaliza. Akasema, "Umemsingizia maiti." Siku kadhaa alinipakulia chakula bila kukaa kula na mimi.

Nyumba ilibomolewa kwa siku mbili. Sikwenda, ila nimeambiwa upande wa kaskazini uliwasumbua, mashine ilibidi irudie mara tatu.

Halafu ikaja sherehe yangu ya kuagwa. Mlikuwepo. Keki ilichorwa nyundo ya chuma, ambayo katika miaka ishirini na sita sikuitumia hata mara tano, lakini nia ilikuwa njema na keki ilikuwa tamu. Mlinisifu sana. Mmoja wenu alisema Mzee Athumani ni Alf wa pili, na nyote mkapiga makofi, nami nikasimama pale nikitabasamu na sahani mkononi. Wanjiku hakutoa hotuba. Alikuja mwishoni, akanipa kitu kilichofungwa kwenye taulo. "Mzee, nakurudishia," akasema, akaenda kuosha vikombe.

Nilikifungua kwenye treni. Ilikuwa ile nyundo. Mpini ulikuwa umekuwa mweusi kwa mafuta ya mikono yetu miwili, na nilipoushika kidole gumba kikaingia kwenye mistari. Miwili ya wima, mmoja wa mshazari. Niliichora mwenyewe wiki yangu ya kwanza, nikaisahau. Yeye miaka minane alikuwa akiishika hapo hapo. Siku ile Guildford, alipochuchumaa akaniuliza alama ni ya nani, alikuwa nayo mkononi.

Nilimpigia simu kabla sijashuka.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua, Mzee."

"Sasa uliniuliza ya nini?"

"Nilikuwa nataka uniambie wewe."

"Na ukaandika Alf. Unajua si kweli, ukaandika."

"Wewe ndio ulinifunza hii kazi," akasema. "Ukiniambia ni ya Alf, niandike nini? Niandike Mzee wangu ni mwongo? Sikuweza. Nilikosea hapo, na hiyo ni yangu, nitaijibu kwa wakubwa. Lakini yako sitakuandikia. Niandikie ukurasa mmoja, Mzee. Mmoja tu. Nitauweka kwenye faili na nitaupeleka halmashauri."

Kwa hiyo msidhani ukurasa huu aliuomba kwa ajili ya chai yenu peke yake. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia au anayekaribia kulia, na mimi ndiye niliyemfikisha hapo, mtoto wa watu aliyekuja kwangu kujifunza. Alf alisaini kwa neno langu. Wanjiku naye akaandika kwa neno langu. Wawili walioniamini, na wote wawili nimewatia doa.

Jumamosi nilikwenda kwa Jean. Nilitaka asikie kwa mdomo wangu kabla hajasoma popote. Alifungua mlango akafurahi kuniona, akasema, "Manny, ingia," nikamwambia nitasimama. Nikamweleza pale pale kizingitini, tangu ngazi na nyonga mpaka ukumbi wa maktaba.

Nilipomaliza akauliza, "Alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambia chokaa."

"Nikamwambia chokaa."

Alishika ubao wa mlango. Akasema, "Siku ile alirudi nyumbani na magongo yake, mama akamuuliza kazi ya Guildford imekuwaje. Alisema Manny amemaliza vizuri kuliko yeye. Alifurahi wiki nzima. Alisema sasa anaweza kuacha kazi."

Nilisema samahani. Akasema asante kwa kuja, akafunga mlango, si kwa nguvu, kama unavyomfungia mlango mtu yeyote.

Nimemaliza. Wanjiku, hii ndiyo ya faili, iandike kama ilivyo. Katika nyumba ya Guildford, saruji ya upande wa mashariki, wa kusini na wa magharibi niliitia mimi, Athumani, bila ruhusa, na nilipoulizwa nilidanganya mara mbili. Alama iliyokuwa kwenye nguzo ya pembe ya mbele ni yangu. Upande wa kaskazini, uliokuwa mzima mpaka siku ya kubomolewa, ulikuwa wa Alf.